Dawa, Karatasi na Sauti: Maelekezo ya Tiba kwa Kiswahili katika Fizi na Baraka

Mtu anayenunua dawa katika mji wa Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hupita katika lugha tatu au nne kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Cheti cha mwuguzi kimeandikwa kwa Kifaransa, tena kwa vifupisho. Pakiti, ambayo mara nyingi imetoka katika viwanda vya India, ina Kiingereza upande mmoja na pengine Kifaransa upande wa pili. Muuzaji humweleza mnunuzi kwa Kiswahili. Naye mnunuzi, akifika nyumbani, humweleza mgonjwa kwa Kibembe, Kibuyu, Kifuliiru au Kinyamulenge. Na kwa wakimbizi wa Burundi, ambao kambi yao ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015, kwa Kirundi. Katika safari hiyo fupi, hatua inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote, yaani ile ya Kiswahili, haina maandishi yoyote. Ni maneno ya kinywa yanayosemwa juu ya meza ya duka, mara moja, na mara nyingi kukiwa na wateja wengine wanaongoja nyuma.

Teknolojia ya simu imeleta wazo la kuiokoa hatua hiyo. Msimbo wa QR, yaani kile kiraba chenye vidoti vyeusi na vyeupe, ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso ili kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Leo unaonekana katika tiketi, bidhaa na hati za kila namna. India, kuanzia tarehe 1 Agosti 2023, iliwataka watengenezaji wa dawa 300 zinazouzwa sana waweke msimbo wa namna hiyo kwenye pakiti, lengo kuu likiwa kuitambua dawa halisi na kuitenga na ya bandia. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufikia wazo linalohusika hapa: msimbo ubandikwe kwenye kifuko cha dawa, mteja auelekezee kamera ya simujanja, na simu imsomee kwa sauti, kwa lugha yake, jina la dawa, kipimo chake, wakati wa kuimeza na mambo ya kujihadhari nayo. Asiyejua kusoma atasikia. Aliyesahau atasikia tena.

Wanaolitetea wazo hilo huliona kuwa jambo jipya kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba katika nchi ya Fizi maelekezo ya dawa kwa sauti ya Kiswahili ni desturi kongwe, na kwamba mara nyingi yalipokwenda kombo, hayakwenda kombo kwa kukosa sauti. Yalikwenda kombo kwa sababu ya namna ya Kiswahili kilichotumiwa, au kwa sababu aliyesikia hakuwa na nafasi ya kuuliza. Mambo hayo mawili msimbo peke yake hauyaondoi.

Ghuba, misheni na sindano

Burton na Speke walipita Ubwari mwezi Aprili 1858 wakielekea Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Waliiona rasi ile wakadhani ni kisiwa, na ghuba iliyo kati ya rasi na bara, ambayo Baraka imekaa ukingoni mwake, ikaja kuitwa kwa jina la Burton. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia. Wafanyabiashara wa Ujiji na watu wao, ambao Kongo iliwaita Wangwana, walikitumia pande zote za ziwa, na lugha hiyo ndiyo waliyoikuta Mapadri Weupe walipojenga kituo chao Masanze mwaka 1880 na kingine Kibanga, karibu na ghuba hiyo hiyo, mwaka 1883.

Mapadri hao walikuja na dawa, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa na fikra ambayo inastahili kukumbukwa katika mjadala huu. Kuanzia mwaka 1881 aliwapeleka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani kusoma utabibu Malta, ili warudi Afrika ya Kati wakiwa matabibu na makatekista watakaoishi kama wenyeji, si kama Wazungu. Mashuhuri kuliko wote ni Adrien Atiman, mzaliwa wa upande wa Timbuktu, aliyefika Karema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1889, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Lavigerie hakuwa mwanaisimu, na nia yake ya kwanza ilikuwa dini. Lakini alitambua kwamba dawa isiyo na mtu wa kuieleza ni nusu ya dawa. Mpango wa Malta ulikoma kabla ya karne kwisha.

Kilichofuata kilikwenda kinyume cha fikra hiyo. Ugonjwa wa malale uliposhambulia ukingo wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliukabili kwa mbinu za kijeshi: watu walipangwa mistari, tezi za shingo zikapapaswa, waliotiliwa shaka wakatengwa na kudungwa sindano. Dawa iliyotumika mwanzo ilikuwa atoksili, yenye aseniki ndani yake, na miongoni mwa madhara yake ni kuharibu mshipa wa jicho na kumpofua mgonjwa. Katika hali kama hiyo maelekezo yalikuwa amri tu: simama, geuka, nyosha mkono. Kiswahili kilitumika, na hapana shaka kilieleweka. Lakini ni Kiswahili cha njia moja. Mtu aliyeingia mstarini akiona, akatoka akiwa haoni, hakuwa na sentensi ya kumuuliza mwuguzi, wala mwuguzi hakuwa amepewa jibu la kumrudishia.

Kiswahili hicho cha bara kilianza kuandikiwa vitabu. Mwaka 1928 mmisionari John Whitehead na mkewe walitoa kitabu chao cha mafunzo ya Kingwana huko Wayika, kwenye mto Lualaba. Kwa upande wa tiba, hata hivyo, mtungaji halisi wa msamiati alikuwa mwuguzi Mwafrika. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari hata mmoja mzalendo aliyehitimu shahada. Ilikuwa na wauguzi na wasaidizi wa udaktari, na hao ndio waliokuwa wameigeuza Kifaransa cha hospitali kuwa maneno ya kijijini kwa muda wa miaka hamsini. Matunda ya kazi yao bado yapo midomoni. Mfano bora ni neno kinini. Asili yake ni jina la dawa moja ya malaria, kwinini. Lakini kwa kuwa ndicho kidonge kilichojulikana kuliko vyote, jina likaenea na kuwa jina la kidonge chochote, katika Kiswahili cha Kongo, katika Kilingala, na hata katika Kinyarwanda na Kirundi kwa umbo la ikinini. Tanzania ilichagua kidonge na tembe. Daktari ni munganga katika Kongo, neno ambalo Dar es Salaam lingemkumbusha msikilizaji mganga wa kienyeji. Kipindupindu ni kolera. Hakuna kosa lolote katika maneno haya, na wasanifishaji wa lugha wanaoyaita uharibifu wangefanya vyema kukumbuka kwamba yaliundwa na watu waliokuwa kazini, mgonjwa akiwa mbele yao.

Dawa mbili za mwaka 1965

Mkasa unaofundisha zaidi katika historia hii ulitokea katika muda wa miezi saba, kati ya Aprili na Novemba 1965. Uasi uliokuwa umeanza Uvira na Fizi mwaka uliotangulia ulikuwa bado umeshikilia milima na ukingo wa ziwa. Tarehe 24 Aprili Ernesto Che Guevara, daktari kwa elimu, aliwasili Kibamba kwa mashua kutoka Kigoma pamoja na kundi la kwanza la Wakuba. Walipewa majina ya Kiswahili ya hesabu: kiongozi aliyetangulia akawa Moja, aliyemfuata Mbili, na Guevara mwenyewe Tatu. Daktari Rafael Zerquera alikuwa Kumi.

Katika kumbukumbu zake za vita hivyo, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, Guevara anaeleza dawa za aina mbili, na wala hakukusudia kuzilinganisha. Ya kwanza ilikuwa dawa ya vita. Mganga aliwapaka wapiganaji maji yaliyotengenezwa kwa miti na vitu vingine, na nguvu yake ilikuwa kuzuia risasi. Dawa hiyo ilikuwa na masharti: mpiganaji asichukue mali isiyo yake, asimguse mwanamke, asiogope. Aliyekufa vitani, basi, alikuwa amevunja sharti mojawapo. Guevara aliichukia imani hiyo, na kwa mtazamo wa kamanda alikuwa na haki, kwani ilimfanya kila maiti kuwa ushahidi wa uaminifu wa dawa.

Ya pili ilikuwa shehena ya dawa za hospitali, zawadi ya Urusi ya Kisovieti. Guevara anasimulia jinsi alivyokaa na Kumi kuzipanga, kwani zilikuwa zimerundikwa ovyo kama bidhaa za gulioni, na jinsi wajumbe wa vikosi walivyokuwa wakidai maboksi kwa maboksi kwa kutaja idadi za ajabu za wapiganaji wao. Yamkini maandishi ya kiwanda hayakumsaidia mtu pale Kibamba.

Tukiweka kando swali la ipi ilikuwa ya kweli, tofauti kati ya dawa hizi mbili kwa upande wa lugha ni kubwa. Dawa ya mganga haikuweza kuzuia risasi hata moja, lakini kila mpiganaji aliyajua masharti yake kwa ghibu: yalikuwa machache, yalisemwa kwa lugha yake, na mtu anayemfahamu, na mwenyewe angeweza kuyarudia kwa mwenzake. Dawa ya kiwandani iliweza kuponya, lakini masharti yake yalibaki ndani ya boksi. Mwanahistoria anayetafuta sababu ya watu kuamini tiba fulani na kuitilia shaka nyingine hana budi kuuliza pia ni ipi iliyoelezwa.

Mtu mmoja wa mkasa huo anastahili kutajwa. Guevara hakujua Kiswahili, akapewa kijana Mkongo wa miaka 16, Freddy Ilanga, awe mwalimu na mkalimani wake. Baadaye kijana huyo alipelekwa Kuba, akasoma udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, na alifariki huko mwaka 2005. Alianza kazi yake akiwa ulimi wa daktari asiyeweza kusema na watu waliomzunguka. Baraka ilitekwa na askari wa serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare mwishoni mwa Septemba 1965, na Wakuba wakavuka ziwa kurudi Kigoma mwezi Novemba.

Kiswahili cha kambini

Vita havikukoma. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP mwaka 1967, na eneo lake la Hewa Bora katika milima ya Fizi, ambalo hata jina lake ni la Kiswahili sanifu, lilidumu hadi miaka ya 1980. Serikali ya Zaire, kwa upande wake, iliigawa nchi nzima katika kanda 306 za afya katika miaka hiyo ya 1980. Mpango huo ulisifiwa sana nje ya nchi. Karatasi zake zilikuwa za Kifaransa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikubadili hali hiyo: Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lugha ya taifa husemwa zahanatini. Lugha rasmi ndiyo inayoandikwa kwenye cheti.

Kwa historia ya Kiswahili, mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na ukimbizi. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ikafunguliwa mwezi Novemba mwaka huo kwa ajili yao. Humo walitibiwa kwa Kiswahili cha Tanzania. Mwaka 2005 safari za meli za kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka zilipoanza, walirudi na Kiswahili hicho, na watoto wengine walikuwa hawakijui kingine. Kwa hiyo katika foleni moja ya duka la dawa leo wanaweza kusimama mama anayesema kinini na binti yake anayesema kidonge, na wote wawili wakawa sahihi.

Tofauti ya jina la kitu haina hatari kubwa, kwani kitu chenyewe kiko mkononi. Hatari iko katika maneno ya wakati. Mfano wa kwanza ni msemo uliozoeleka mno katika hospitali za Tanzania: kidonge kimoja kutwa mara tatu. Kutwa, kwa maana yake ya asili, ni mchana kutoka kucha hadi jua kuchwa. Anayeuchukua msemo huo kama ulivyo atameza vidonge vitatu katika muda wa saa 12, kisha akae saa 12 nyingine bila dawa. Mtanzania hafanyi hivyo, kwa sababu mazoea yamemfundisha kwamba kutwa ya hospitali ina usiku ndani yake. Msikilizaji wa Fizi ambaye neno hilo si la kila siku kwake, na ambaye amezoea kusikia mara tatu ku siku, hana mazoea hayo ya kumwokoa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kongo iliiacha klorokwini baada ya vimelea vya malaria kuizoea, na mwaka 2005 ikachagua artesunati pamoja na amodiakwini, dawa inayomezwa mara moja kwa siku kwa siku 3. Baadaye iliongezwa artemetha pamoja na lumefantrini, na dawa hii ina mpango mgumu. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, mara 6, jumla vidonge 24 katika siku 3. Dozi ya pili humezwa baada ya kupita saa 8 tangu ile ya kwanza. Zinazofuata humezwa asubuhi na jioni. Aidha, yafaa zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauipokei dawa ipasavyo.

Sasa mwuzaji aliyechoka anasema: utameza tena saa nane. Kwa Kiswahili, saa nane ni muda, na saa nane pia ni saa ya siku, ile ya mchana baada ya adhuhuri. Aliyeanza dawa saa 4 asubuhi anapaswa kumeza dozi ya pili saa 12 jioni. Akishika maana ya saa ya ukutani, atameza saa 8 mchana, baada ya saa 4 tu. Aliyenunua dawa saa 9 alasiri na kuanza papo hapo ataona kwamba saa nane ya leo imekwisha kupita, naye atangoja ya kesho, yaani saa 23. Kosa hilo halitokani na ujinga wa mgonjwa. Sentensi ndiyo iliyokuwa na maana mbili, na Kifaransa cha cheti, ambacho huhesabu saa za siku kuanzia usiku wa manane, kimeongeza mtego wa tatu kwa yule aliyesoma kidogo.

Tofauti ya muda na saa inaweza kusemwa kwa Kiswahili bila taabu yoyote: ukimeza jua likichomoza, meza tena jua likiwa alasiri, au, kwa mwenye saa, hesabu saa nane kuanzia sasa. David Werner, katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, aliondoa maneno kabisa akachora jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalotua na mwezi, na chini ya kila picha akaacha nafasi ya kuchora idadi ya vidonge. Ni mbinu iliyowafaa wengi kabla ya simu kufika vijijini, na mpaka leo haihitaji betri.

Msimbo na sauti

Kwa historia hiyo, msimbo wa sauti unaweza kupimwa kwa haki. Lazima kwanza kueleweka kwamba sauti haikai ndani ya msimbo. Kiraba kikubwa kuliko vyote katika kanuni za kimataifa, chenye safu 177 kwa 177, hubeba baiti 2,953 na si zaidi. Sauti ya mtu, hata ikibanwa hadi kubaki baiti 1,000 kwa sekunde, ingejaza kiraba hicho kwa sekunde 3. Maelezo ya dawa moja ya malaria hayapungui nusu dakika. Kwa hiyo kinachobandikwa kwenye kifuko ni anwani tu. Sauti yenyewe imehifadhiwa mahali pengine, na simu lazima iifuate huko kwa mtandao, kwa gharama ya mteja. Katika Baraka hilo linawezekana penye mnara na umeme. Katika vijiji vya mlimani, ambako mgonjwa atakuwa amerudi na kifuko chake, mara nyingi haliwezekani. Njia ya kufaa zaidi ni muuzaji kuwa na sauti zote katika simu yake mwenyewe, azichezeshe dukani, kisha ampe mteja nakala katika simu yake bila mtandao. Njia hiyo haina mvuto mbele ya wafadhili, lakini hufanya kazi.

La pili ni nani aseme. Wataalamu wa kompyuta wana sauti za mashine zinazosoma Kiswahili, na matamshi yake hufuata Kiswahili sanifu. Sauti hiyo itaeleweka Baraka, kama taarifa ya habari inavyoeleweka. Swali ni kama itaaminiwa na kukumbukwa. Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, redio haikuachwa iseme peke yake: watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, kisha wakajadiliana na kiongozi wa kikundi. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini maswali yaliulizwa kijijini na kujibiwa kijijini. Kwa Fizi, mwuguzi wa Baraka anayesema kinini, kisha akaongeza yaani kidonge, atawafikia mama na binti wa foleni ile kwa pumzi moja. Na kwa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, hasa wazee wa milimani, Kibembe kisemwe na Mbembe.

La tatu, ambalo hupuuzwa, ni vitenzi. Kiswahili cha hospitali kimeipenda mno tumia, kwa kuwa kinafaa kila mahali na hakimwaibishi mtu. Lakini tumia hakisemi dawa iingie wapi. Kuna vidonge vya kuwekwa ukeni vinavyofanana na vya kumezwa. Kuna matone ya sikio na matone ya jicho katika vichupa vinavyofanana. Kwenye karatasi, mchoro mdogo unaweza kuondoa utata. Katika sauti tupu hakuna mchoro, na kitenzi lazima kitaje kazi: meza, tafuna, koroga, paka, dondoshea, ingiza. Adabu ya lugha ina njia zake za kutaja viungo vya mwili mbele ya watu. Makungwi hawakushindwa, na mwuguzi hatashindwa.

Vipimo navyo vina mkosi wao. Ukingo wa Fizi, kama ule wa Uvira na Kalemie, ni mojawapo ya mahali ambapo kolera huishi mwaka hata mwaka, na pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini imeandikwa lita 1. Nyumba nyingi hazina kipimo cha lita. Zina chupa kubwa ya bia, ambayo katika Kongo ni ya sentilita 72, na chumvi iliyokusudiwa lita moja ikitiwa humo huwa kali kupita kiasi kwa mtoto mdogo. Sauti ikisema lita moja, imesema kweli na haikumsaidia mtu. Ikisema jaza chupa kubwa ya bia mara moja, kisha ongeza chini kidogo ya nusu ya chupa hiyo hiyo, mama ataweza. Vilevile vidonge vya zinki anavyopewa mtoto huyo huendelea siku 10 hadi 14, yaani siku nyingi baada ya kuhara kukoma, na hakuna picha ya jua wala mwezi inayoweza kumweleza mzazi kwa nini aendelee kumpa dawa mtoto aliyekwisha kupona. Hilo linahitaji sababu, na sababu huelezwa kwa sentensi ndefu, kwa sauti tulivu, pengine mara mbili. Hapa ndipo msimbo una faida ambayo karatasi na meza ya duka hazina: mzazi anaweza kuusikiliza siku ya saba, usiku, mbele ya bibi anayesema dawa imetosha.

Lakini bibi akiuliza, simu haijibu. Kwa sababu hiyo, kila sauti ingetakiwa imalizike kwa jina la mahali pa kuuliza na siku za kupata mtu huko, na muuzaji angetakiwa, kabla mteja hajaondoka, kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyoimeza dawa. Ni kazi ya nusu dakika. Wauguzi wengi wa zamani waliifanya bila kufundishwa.

Limebaki jambo la uangalizi. Msimbo uliochapishwa haubadiliki, ila sauti iliyo kwenye anwani yake inaweza kubadilishwa wakati wowote na yeyote mwenye ufunguo. Kama misimbo ingekuwapo katika enzi ya klorokwini, vifuko vilivyobaki makabatini vingeweza, baada ya mwaka 2005, kumwambia mgonjwa kwamba dawa aliyoshika haifai tena kwa malaria, jambo ambalo karatasi haikuweza kulifanya. Vilevile vingeweza kunyamaza siku ambayo mradi umekwisha na ada ya anwani haikulipwa. Katika nchi ambayo mashirika ya misaada huja na kuondoka kwa kufuata vita na bajeti, ufunguo huo ungekaa wapi: katika ofisi ya kanda ya afya ya Fizi, katika chama cha wenye maduka ya dawa, au katika kompyuta ya mfadhili aliye ng'ambo?